Futa Ile Namba

Siku ya tatu ya kazi, fundi Mbaraka alikataa chai.

Marta, mke wangu, alikuwa ameiweka juu ya jiwe karibu na gari, pamoja na viazi vitamu. Mbaraka akasema ahsante shemeji, sina njaa. Kisha akafungua jani lake la mgomba lenye magimbi baridi, akaenda kuyala kwenye ua wa miti, ametugeuzia mgongo.

"Labda ni kwa sababu sisi Wakristo," Marta akasema.

"Krismasi alikula hapa sahani mbili za ubwabwa," nikamwambia. "Ana lake huyu."

Mimi si mtu wa kuamini watu upesi. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipokufa, na tangu hapo nimejifunza kwamba mtu akibadilika ghafla, kuna kitu amekiona au kuna kitu amekichukua. Nilikagua spana zangu. Zote zilikuwepo.

Tulikuwa tunatoa injini ya petroli kwenye Land Rover yangu na kuweka ya dizeli, hapo hapo uani kwangu Magamba. Ile ya zamani ilipasuka bloki kwenye mlima wa Soni, nikiwa nimejaza kabichi. Ya dizeli ilikuwa ikivuta pampu ya maji kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, nikainunua mnadani. Stakabadhi ninayo, ina mhuri na namba ya injini. Sikumwonyesha mtu, hata Mbaraka. Mwaka ule wa 1976 ukionyesha kitu leo, kesho unaulizwa umekipataje.

Na wa kuuliza alikuwa jirani: Kornelio, balozi wetu wa nyumba kumi. Injini ilipofika, wakati wanaume waliokuja kwa msaragambo, kunisaidia bila malipo, wanaiteremsha kwa magogo, alikuja na daftari lake la shule. Akaizunguka, akatema mate kidoleni, akasugua ubavu wa chuma, akaandika.

"Unaandika nini, Ndugu Balozi?"

"Kinachoingia na kinachotoka, Ndugu Nikodemo. Ndiyo kazi niliyopewa na chama."

"Basi andika na kuku wangu."

"Kuku wako niliwaandika Januari."

Alipoondoka nikachota grisi, nikaipaka nene pale aliposugua, penye namba. Sikutaka arudi kuchungulia. Mbaraka alikuwa ananitazama.

Mbaraka ni fundi wa Lushoto mjini. Mwaka juzi mke wake alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, na Land Rover hii ndiyo iliyomshusha hospitali kwenye mvua. Tangu siku hiyo ananiita kaka. Kazi yangu hakuifanya kivivu. Kibao cha chuma cha kuunganisha injini na giaboksi alikichonga kabla hajaja. Siku ya kwanza tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tukaifunga juu, tukaning'iniza mnyororo, ile ya zamani ikatoka. Siku ya pili akachomea vyuma vipya vya kukalia injini, maana dizeli ni pana na nzito.

Jioni ya siku hiyo nikapata habari kwamba mkaguzi wa magari atakuwa bomani Jumanne. Injini ikibadilishwa lazima namba yake iandikwe kwenye kadi ya gari. Namba isipoonekana gari linabaki polisi, na mwenye gari anakwenda kujieleza mbele ya watu wasiocheka. Waliokwenda kujieleza nawajua. Mmoja bado anajieleza.

Nikamwambia Mbaraka, "Mkaguzi yuko Jumanne. Futa ile namba vizuri, tusipate shida."

Akaniangalia. "Nifute?"

"Futa. Sasa hivi, injini ikiwa bado iko chini. Ikishakaa mahali pake mkono hautafika."

"Sawa, kaka," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari ya msiba.

Kesho yake ndiyo akakataa chai.

Mchana nikamkuta njiani na Kornelio, wamesimama karibu karibu. Waliponiona wakanyamaza. Nikasalimia, wakaitikia wote wawili kwa mpigo mmoja, kama wanakwaya. Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nafikiri: fundi ameniuza kwa balozi, au balozi amemnunua fundi.

Jumatatu injini ikawaka. Ilitikisa gari zima na kutoa moshi, kisha ikatulia, ikanguruma kama jiwe la kusagia. Mbaraka hakutabasamu. Nikachukua kioo cha Marta na tochi, nikaingiza kioo ubavuni ili niisome ile namba, nilinganishe na stakabadhi.

Chuma kilikuwa cheupe, laini kama kijiko. Hakukuwa na namba.

Nikazima injini. "Mbaraka, namba iko wapi?"

"Nimefuta, kaka."

"Umefuta kwa nini?"

"Kwa tupa."

Nilikaa chini, kwenye udongo. "Nilisema ufute grisi. Ufute kwa kitambaa, isomeke."

"Ulisema nifute namba. Umeipaka grisi mwenyewe, umemficha balozi, mkaguzi anakuja, unaniambia futa tusipate shida. Mimi nielewe nini?" Akaanza kukunja kitambaa chake. "Nilijua umeiba. Nikasema huyu alimwokoa mke wangu, nitamfanyia dhambi hii moja. Lakini chai ya mwizi sinywi."

"Stakabadhi ninayo."

"Ungenionyesha."

Stakabadhi yenye namba na injini isiyo na namba: hata mimi ningekuwa mkaguzi ningemfunga mtu huyo. Namba ya kweli ilikuwa imebaki mahali pamoja tu nje ya mfuko wangu, nami nilipajua.

Tulimkuta Kornelio anapalilia maharage. Nilimweleza. Akanisikiliza, ameegemea jembe.

"Kwanza nipe hiyo karatasi."

Nilimpa. Mkono haukutaka kuiachia, lakini nilimpa. Akaleta daftari, akaweka kidole kwenye stakabadhi na kingine kwenye daftari, akasoma tarakimu moja moja. Zililingana zote.

"Wiki nzima nimekuandika kama mwizi," akasema. "Jumamosi nilimbana fundi wako. Akasema hajui chochote, na kwamba wewe ni mtu mwema. Nikamwandika na yeye." Akatoa kalamu sikioni. "Basi hapo nifute."

"Usifute kitu, Balozi," Mbaraka akasema. "Acha hivyo hivyo."

Jumanne tulishuka watatu. Mkaguzi alilala chini ya gari, akainuka na sura mbaya. Akasoma stakabadhi, akasoma daftari, tarehe ya siku injini ilipofika, na sahihi ya balozi chini yake.

"Na nani alipiga tupa?"

"Mimi, afande," Mbaraka akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Kiswahili, afande."

Mkaguzi alituangalia mmoja mmoja. Kornelio akasema yeye atajibu kwa chama kama injini ile ni ya wizi, na kwamba mimi ni mtu mgumu lakini si mwizi. Sikutegemea maneno hayo kutoka kinywa kile. Mkaguzi akaonyesha mahali pa wazi juu ya bloki, akamwamuru Mbaraka agonge namba ile ile upya, mbele yake, kwa patasi na nyundo. Kisha akaandika kadi.

Tulipanda Magamba gia ya pili, bila kuchemsha. Nyumbani Marta alimimina chai vikombe vitatu, kimoja cha balozi. Mbaraka akachukua chake, akanywa, akakitazama kikombe.

"Ina sukari, shemeji," akasema. "Dukani sukari hakuna tangu mwezi uliopita. Umeipata wapi?"

Marta aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia Kornelio. Alikuwa amekwisha kufungua daftari.