Gaju Haachwi

Siku Epiphanie aliposema kwamba ataondoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, pamoja na mbwa wake, watu walidhani malaria imempanda kichwani. Binti yake Liliane, aliyekuwa muuguzi Ubelgiji tangu kabla ya vita, alikuwa amehangaika mno kumpatia mama yake ruhusa ya kwenda kuishi naye. Sasa ruhusa ilikuwa imetoka na tiketi imekatwa. Kambi nzima ilikuwa ikiota ndege. Mwenzao mmoja akaota mpaka ndoto ikatimia, kisha akasimama kwenye foleni ya maji na ndoo yake, akasema bila hata kupandisha sauti kwamba bila Gaju haendi popote.

Gaju mwenyewe hakuwa mbwa wa kusifiwa. Epiphanie alimwokota angali mdogo wa kuenea kiganjani, nyuma ya jengo bovu lililobaki tangu Dzaleka ilipokuwa gereza, akampa jina la ile rangi ya wekundu wa udongo ambayo kwao Kirundo, Burundi, hupewa ng'ombe. Alikua mrefu na mwembamba, sikio moja limelala. Aliiba nsima, ugali wa huko, kwenye sufuria za majirani. Aliwabwekea wachungaji wa makanisa na kuwanyamazia wezi wa kuku. Alfajiri Epiphanie alipokaanga mandazi ya kuuza, Gaju alilala kando ya moto akimtazama, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya vizuri.

Lakini Epiphanie alikuwa amehamishwa mara mbili maishani, na mara zote mbili mtu mwingine ndiye aliyesimama kando ya lori na kuamua nini kipande na nini kibaki. Mara ya kwanza alibaki ng'ombe mwenye mimba, amefungwa kamba, akilia. Mara ya pili, alipoondoka kambini Tanzania, alibaki mumewe Manirakiza, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujatulia. Wote wawili aliwaacha kimya, kwa kuwa aliambiwa lori halingoji mtu. Safari hii aliapa kwamba kitakachobaki ni kile atakachokiacha yeye mwenyewe.

Liliane alikuwa wa kwanza kumpinga. Epiphanie alikwenda Lilongwe kumpigia simu kutoka posta, akaingia ndani ya kile chumba chembamba cha kioo, na sauti ya bintiye ikamfikia kwa mbali kama inatoka ndani ya mtungi. Liliane alimwambia kwamba Ubelgiji mbwa wamejaa, tena wazuri, na kwamba atamtafutia mwingine hata kabla hajazoea baridi.

"Hata kina mama wamejaa huko, mwanangu," Epiphanie alimjibu kwa Kirundi. "Tafuta mwingine."

Simu iliendelea kula pesa. Mwishowe Liliane akalia kidogo, akacheka kidogo, akasema ataongea na watu wa ndege.

Pingamizi la pili liliuma zaidi. Uwamariya, Mnyarwanda aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alikuwa ameomba kupelekwa nchi yoyote ya kumpokea, na maombi yake yalikuwa yamekataliwa pasipo maelezo. Alikuja mlangoni jioni moja, mtoto mgongoni, hakuketi.

"Mama Liliane, mi niko na batoto bane hapa," alisema, akinyoosha vidole vinne. "Bane. Na mbwa njo atapanda ndege?"

Epiphanie aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. Hakutaka kumdanganya mwenzake.

"Kama wangekubali mtoto wako moja aingie mu nafasi ya Gaju, ningemtoa Gaju leo, ningemubeba mtoto," alisema. "Habakubali. Banasema mbwa tu, mu sanduku, chini na mizigo. Nikimwacha huyu mbwa, we utapata nini?"

Uwamariya alimweka mtoto vizuri mgongoni. Alirudi kwake, na tangu siku hiyo akawa anapita nyuma ya nyumba ili wasikutane. Jambo hilo lilimkosesha Epiphanie raha kuliko vicheko vyote vya kambi, lakini halikumrudisha nyuma.

Sanduku alilitengeneza Lwaboshi, fundi seremala kutoka Bukavu, kwa mbao za makreti ya soda. La kwanza alilipima kwa macho, kama anayepima mbuzi, na Epiphanie akalibeba likiwa tupu, Gaju kando yake kwa kamba, juu ya matola, pikapu la wazi lililojaa watu na magunia ya mahindi, mpaka kwa daktari wa wanyama mjini Lilongwe. Dokta Nkhoma alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Chichewa cha Epiphanie kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Daktari alilizunguka sanduku, akasema hili ni jeneza.

Halafu akamweleza, pole pole, mpaka akaelewa. Mbwa lazima aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, ageuke, na alale amenyoosha miguu. Hewa iingie kutoka pande zote nne. Nje papigiliwe fito nene kuzunguka sanduku, ili masanduku mengine yakisukumwa karibu yasizibe matundu. Kopo la maji lifungwe kwa ndani mlangoni, mahali ambapo mtu aliye nje anaweza kulijaza bila kufungua. Akamdunga Gaju sindano ya kichaa cha mbwa, akaandika cheti.

Epiphanie akamuuliza kuhusu vidonge vya usingizi. Épitace, mzee wa kanisa lao, alikuwa amemshauri avinunue Chilinde, mtaa wa Lilongwe, ili mbwa alale huku na kuamkia Ulaya. Dokta Nkhoma alitikisa kichwa. Alisema kule juu mbwa aliyeleweshwa dawa hupumua kwa shida, hawezi kujishikilia ndege ikiyumba, na hakuna mtu atakayekuwa karibu kumwona akizidiwa. Kama anataka mbwa atulie, amzoeze sanduku sasa, ili siku ya safari alione ni nyumba yake.

Basi Lwaboshi akajenga la pili, na hili lilikuwa kubwa hata akajisifu. "Mama, hii njo nyumba," alisema. "Hata mi nikikosa pa kulala, naingia." Ubavuni akaandika kwa rangi nyekundu, kwa Kiingereza, kwamba ndani mna mnyama hai, na mishale ya kuonyesha upande wa juu. Epiphanie akatandika ndani kitenge alichokuwa akikivaa jikoni, bila kukifua, kinukie yeye. Kila siku alimpa Gaju chakula mle mle sandukuni. Siku za mwanzo Gaju aliingiza kichwa tu, akala huku matako yako nje. Baadaye akawa anaingia mzima. Kisha mlango ukafungwa kidogo, ukafungwa zaidi, hadi akawa analala humo mpaka asubuhi. Watu walikuja kutazama mbwa anayelala kwenye kabati. Vijana walimwita Epiphanie bibi balozi. Yeye aliwauliza kama wanataka mandazi au wanataka kuziba mlango.

Gari la kupeleka wasafiri Lilongwe halikukubali wanyama. Afisa wa kambi alimwambia hivyo kwa upole, na kwa upole huo huo akamkumbusha kwamba wengi wangefurahi kuchukua nafasi yake. Epiphanie alimshukuru, akaenda Dowa, mji wa jirani, kutafuta matola nyingine. Asubuhi ya kuondoka Lwaboshi na Épitace walimnyanyulia sanduku. Mlango wa Uwamariya ulikuwa umefungwa. Epiphanie aliuacha mtungi wake na jiko lake la mkaa mbele ya mlango ule, akapanda.

Alilala Biwi, mtaa wa Lilongwe, kwa Gertrude, Mkongomani aliyeishi naye zamani kambini na ambaye sasa alikuwa na biashara ndogo ya vitambaa. Gertrude ndiye aliyekumbuka kugandisha maji. Alilipeleka kopo kwenye baa ya jirani, wakaliweka kwenye friji, na asubuhi likarudi limejaa barafu. Maji yasingemwagika wakati wa kupakia, yangeyeyuka taratibu njiani. Gaju alipewa chakula kidogo mapema, akatembezwa barabarani mpaka akamaliza haja zake zote, na Gertrude akamfanyia ishara ya msalaba kwenye pua.

Kwenye uwanja wa ndege mambo yalikwenda vizuri kuliko Epiphanie alivyoogopa. Cheti kilikubaliwa, sanduku likapimwa, vijana wawili wakalisukuma kwenye kigari na kutokomea nalo. Gaju alimtazama kupitia matundu mpaka kona. Epiphanie alikaa akingoja na mkoba mapajani, na abiria walipoitwa alitoka nao nje, wakaanza kuivuka lami kwa miguu kuelekea kwenye ngazi ya ndege.

Ilikuwa Oktoba. Lami ilikuwa ikitoa mvuke wa kuchezesha macho. Katikati ya lami hiyo, mbali na kivuli chochote, kilisimama kigari cha mizigo kisicho na mtu, na juu yake sanduku la Gaju. Sutikesi kubwa ilikuwa imeegemezwa kwenye matundu ya upande mmoja. Katika upande wa pili Epiphanie aliuona ulimi.

Alitoka kwenye mstari. Mtu mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa alimkimbilia, akamwambia abiria hawaruhusiwi huko. Epiphanie alimwonyesha kigari. Yule mtu akasema mbwa hupakiwa mwisho, ndio utaratibu, apande tu.

"Basi angoje kivulini," Epiphanie alisema kwa Chichewa.

Mhudumu wa ndege akashuka ngazi, binti mrefu mwenye kitambaa shingoni, akamwambia kitu kwa Kiingereza na kumwelekeza kwa mkono mlangoni. Abiria walikuwa wakimpita, wengine wakimkodolea macho. Mwenye fulana alitafsiri: apande, ndege haiwezi kumngoja mtu mmoja.

"Ayi. Sindikwera," alisema Epiphanie. Hapana, sipandi.

Akaketi kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi, mkoba juu ya magoti.

Moyoni hakuwa jasiri hivyo. Alijua tiketi ile Liliane ameilipia kwa zamu za ziada hospitalini, na kwamba haitakuja nyingine. Alijua kambini harudi mtu. Nyumba yake ilikuwa tayari imepewa wengine. Akaja afisa mwenye redio mkononi, akamwambia kwa ukali kwamba anaweza kufutiwa safari na mbwa wake asipakiwe.

"Nifute," alimwambia. "Lakini kwanza mutoe ile sutikesi."

Alikuwa amesema kwa Kiswahili bila kujua, na afisa hakuelewa. Mwenye fulana ya chungwa, aliyewahi kufanya kazi Mbeya, alielewa. Kisha akatembea mpaka kwenye kigari, akaiondoa ile sutikesi, akakivuta kigari chote mpaka chini ya bawa la ndege, kwenye kivuli, akachukua chupa yake mwenyewe ya maji na kuimimina kwenye kopo. Barafu ilikuwa imekwisha.

Epiphanie aliona, lakini hakuinuka. Alisema atapanda Gaju akipakiwa.

Hapo rubani akashuka. Alikuwa mzungu mwenye mvi na mikono ya shati iliyokunjwa, na alishuka kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Afisa alimweleza. Rubani alimtazama mwanamke aliyemzibia ngazi, akatazama chini ya bawa, akauliza swali fupi. Afisa akapekua makaratasi yake, akapekua tena. Rubani akaenda mwenyewe mpaka kwenye sanduku, akachuchumaa, akaingiza vidole viwili kwenye tundu. Gaju akavilamba.

Aliporudi aliongea na watu wake kwa sauti ya chini, na sauti hiyo iliwafanya wakimbie. Mwenye fulana alimsogelea Epiphanie.

"Anasema hakuna aliyemwambia kwamba chini kuna mnyama," alimwambia kwa Kiswahili cha Mbeya. "Kuna sehemu moja tu ya mizigo yenye joto, na lazima yeye aiwashe. Huko kwingine, juu sana, angeganda. Sasa wanampeleka kwenye ile sehemu."

Epiphanie aligeuza uso, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Alibaki ameketi mpaka alipoona kwa macho yake sanduku likiinuliwa, mishale ikielekea juu, na kuingia tumboni mwa ndege. Ndipo akasimama, akamshika mkono mwenye fulana kwa mikono yake miwili, akasema zikomo, asante, akapanda. Abiria walikuwa wamejaa jasho na hasira. Alipita katikati yao kichwa juu, akatafuta kiti chake.

Nairobi, ndege iliposimama, yule binti mwenye kitambaa shingoni alikuja bila kuitwa na kumwonyesha kwa ishara kwamba mbwa ameonwa, ameinuka, amekunywa. Uso wake ulikuwa bado haujalegea. Epiphanie hakuhitaji ulegee.

Brussels kulikuwa na mvua nyembamba ya baridi. Liliane alikuwa akingoja na koti mkononi, mnene kuliko zamani, na mtoto wake wa kike amejificha nyuma ya sketi yake. Walikumbatiana kwa muda mrefu, wakalia. Kisha sanduku likaletwa, na Epiphanie akapiga magoti kulifungua. Gaju alitoka nusu nusu, miguu ikimgongana, akanusa hewa ngeni, akamnusa bibi yake mikono yote miwili. Halafu akachutama palepale, juu ya sakafu inayong'aa kama kioo, akakojoa kwa muda ambao haukuwa na mwisho.

Mlinzi akaja akisema kitu kwa ukali. Liliane akaanza kuomba radhi kwa Kifaransa. Epiphanie akamwomba bintiye kitambaa, akapiga magoti tena, akaifuta sakafu mwenyewe, pole pole, mpaka pembeni, huku mlinzi amesimama juu yake. Alipomaliza aliinuka, akashika kamba ya mbwa, akauliza mlango wa kutokea uko wapi.