Upande wa Ukutani

Kasisi wao alijua kuhubiri, hilo hata wasiompenda walikubali. Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, paa linavuja juu ya vichwa vya wanakwaya, na mvua ikinyesha waumini walikuwa wachache kuliko mishumaa. Lakini yeye akipanda mimbarini hata watoto waliacha kufinyana. Alikuwa na hadithi. Kila Jumapili ni "kuna mama mmoja", "kuna mzee mmoja", nawe ukitoka pale somo la Injili umeshalisahau, ila huyo mama mmoja unakwenda naye mpaka jikoni kwako.

Fundi alimpenda kwa hilo. Hilo jina la Fundi lilitokana na cherehani. Jina lake la ubatizo halikutumiwa na mtu tena. Alishona sare za shule kwa ajili ya riziki na vitambaa vya madhabahu kwa ajili ya Mungu. Kanzu nyeupe ya kasisi ilipochanika kwapani, ni yeye aliyeitwa kuitia kiraka. Ndivyo alivyojikuta kwenye chumba cha mavazi, sindano mkononi, akimwambia kasisi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Lilimhusu mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Kitinda aliondoka kwao na mwanamume ambaye mama yao hakutaka hata kumsikia akitajwa. Mama akanuna, miaka ikapita, akaugua. Fundi alishika simu akamwinamia kitandani, "Mama, nimwite?" Mama akageuza uso. "Huyo asiletwe hapa," akasema, na hakusema kingine mpaka anakata roho.

Kitinda alifika kaburi likiwa bado bichi. Alianguka kwenye udongo akauliza kitu kimoja tu: mama ameniachia neno gani? Fundi, aliyemfuta kamasi mtoto huyo na kumbeba mgongoni, alifungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe, umeshashonwa na kupigwa pasi. "Alikutaja. Alisema, mwambieni upande wa ukutani bado ni wake."

Zamani walilala na mama kitanda kimoja, na mdogo ndiye aliyewekwa ukutani asije akaanguka. Neno hilo ndilo lililomwinua Kitinda kutoka kwenye udongo. Mwanamume wake alikuwa ameshamtupa, kwa hiyo alirudi kuishi na dada yake, akarudi na kanisani. Alilala kwenye kitanda cha mama, kajibana ukutani, nafasi iliyobaki kaiacha wazi. Fundi kila akipita mlangoni akamwona hivyo, moyo ulimchoma.

"Nimwambie, Mchungaji?" aliuliza.

Kasisi alimshika mkono, sindano na yote. "Usimwambie. Umeliweka mbele za Mungu, limekwisha. Na kwangu mimi, mama, neno likiingia halitoki. Mimi ni kaburi."

Kumbe makaburi mengine yana madirisha. Fundi alimaliza kiraka chake, akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala usingizi wa kushiba.

Ikafika Jumapili ya somo la mwana mpotevu. Dada hao wawili walikaa kwenye benchi lao, bega kwa bega. Kasisi alikunja mikono juu ya mimbari, akaanza.

"Kuna mzee mmoja, mbali sana na hapa, alikuwa na wana wawili wa kiume."

Fundi akajiweka vizuri. Mwana mkubwa alikuwa dereva wa lori, mdogo alikuwa mwanajeshi aliyekosana na baba yake. Mzee akaugua, akakataa katakata kumwona mdogo. Fundi alitikisa kichwa, maskini wee, asijue kwamba anajihurumia mwenyewe. Tumpe kasisi haki yake: alikuwa amebadilisha kila kitu. Mama amegeuka baba, mabinti wamegeuka wanaume, cherehani imegeuka lori. Ila mhubiri naye ni mtu, akipata tonge tamu hawezi kulitema.

"Na yule kaka," akasema, sauti ameishusha mpaka watu wakainama mbele, "akamdanganya mdogo wake. Lakini ni uongo wa upendo, ndugu zangu! Akamwambia, baba amesema, mwambieni upande wa ukutani bado ni wake."

Kanisa zima likaguna kwa utamu. Mtu wa nyuma akasema Amina. Kitinda alikuwa na leso machoni, maana hadithi ilimgusa tangu mwanzo, na leso ikaganda pale pale. Fundi hakuthubutu kugeuka. Alihisi tu bega la mdogo wake likiachana na lake, taratibu, kama mtu anayempisha mwingine akae.

Wakasimama wakakiri Imani. Wakaombea wagonjwa na wasafiri. Kasisi akanyoosha mikono, "Amani ya Bwana iwe nanyi siku zote," watu wakaanza kupeana mikono. Kitinda alimpa mkono mzee wa kanisa, akawapa wanakwaya mmoja mmoja, akampa hata mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Kanisa lote alilizunguka. Aliporudi alikwenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, na Fundi alikuwa bado amenyoosha mkono wake.

Hasira aliyokuwa nayo Fundi! Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameitia kiraka kwa mikono yake. Angeweza angekifumua kwa meno.

Baada ya ibada kasisi alisimama mlangoni akipokea sifa. "Leo umetukuna, Mchungaji!" Alipomwona Fundi alimwinamia sikioni, uso umemng'aa. "Umeona? Sikumtaja mtu."

Aliamini kabisa kwamba amempa zawadi. Papo hapo Kitinda akawa ameshafika mbele yao.

"Mchungaji, yule mzee wa kwenye hadithi. Kweli kweli, alisema nini kabla hajafa?"

Kasisi alimtazama, akamtazama Fundi, tabasamu likamkauka. Sasa ndipo alipokumbuka siri. "Mwanangu," alisema, "hayo ni mambo ya toba. Siruhusiwi kuyatoa."

"Mbele ya kanisa zima umeruhusiwa. Kwangu mimi ndiyo huruhusiwi?"

Kasisi alinyoosha mkono kumsalimu muumini aliyefuata.

Barabarani Kitinda alitangulia, Fundi nyuma anatweta. Maduka yalikuwa yamefungwa na hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

"Mdogo wangu, hebu nisubiri."

Kitinda akasimama. "Mlikaa mkaniongelea. Yeye ni mtu baki, dada. Anajua mama yangu alivyokufa, mimi nimepewa hadithi."

"Nilitaka upone."

"Nilipona! Si ndiyo maana inauma?"

Fundi alilia pale pale njiani, bila kujifuta. "Basi niulize. Niulize mimi sasa hivi, nitakwambia ukweli mtupu." Na kweli alikuwa tayari. Yale maneno ya mama yalikuwa yameshamfika kwenye ulimi.

Kitinda akatikisa kichwa.

"Nikuulize nini? Ukinipa neno zuri nitajua unanidanganya tena. Ukinipa baya, hilo ndilo nitakaloliamini." Aliuvuta mkoba mbele. "Basi umeshaniambia."

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa nyumba, akamwekea dada yake kiganjani, akavuka barabara.