Tangi la Furu la Komarock

Kazi ilikuwa safi. Mikono ya Kweyu haikujua kufanya kazi chafu, hata kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimchukia.

Tangi la vioo alilikata na kuliunga kwa silikoni palepale sebuleni mwa Nabiswa, Komarock, akaliacha likauke. Kisha akajaza maji ya mfereji, akayaacha siku tatu dawa iishe, maana samaki aina ya furu hufa kwa dawa ya maji ya mji kabla hawajapata nafasi ya kuuana wenyewe. Mawe akayapanga yawe mapango. Leo amekuja na samaki wenyewe, furu kumi na watatu wa ziwani kwao Bunyala, ndani ya mifuko ya plastiki iliyotuna hewa.

Nabiswa alimwita fundi, basi. Hakumkumbuka. Kweyu ndiye aliyekumbuka kwa wote wawili: Jumatano, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tatu, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Malori mawili ya vijana wa kukodiwa kuchoma nyumba, na Nabiswa kando chini ya mwavuli, karatasi mkononi. Norah, mkewe Kweyu, alikuwa na mimba ya miezi saba na alikataa kutoka mlangoni. Walimpiga marungu kiunoni. Jioni alijifungua maiti kwenye mkeka wa jirani, moshi wa nyumba yao ukimwingia puani.

Na kesho yake kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeijua ploti yake. Watu wakashikana mashati juu ya majivu. Kweyu mwenyewe alimng'oa rafiki yake Opicho meno mawili kwa ajili ya hatua tatu za ardhi. Walipochoka kupigana, nusu ya uwanja ilikuwa imeuzwa. Miaka minne sasa, na bado hakuelewa ilikuwaje.

"Anza na huyo mkubwa," Nabiswa akasema, akimwonyesha dume la buluu lenye mkia mwekundu.

"Hapana, mdosi. Huyo aingie wa mwisho. Akitangulia ataona tangi lote ni lake."

"Fundi, kwangu mheshimiwa hapangi foleni. Weka."

Kweyu akaweka. Dume akazunguka mawe mara mbili, akatulia katikati. Wengine walipomiminwa aliwapokea kwa meno. Wa kwanza alipasuliwa pezi, wa pili akang'olewa jicho. Jike mmoja alikuwa amevimba koo, kabeba watoto mdomoni kama wafanyavyo furu. Dume akamgonga ubavuni. Akamgonga tena. Akamfuata hadi pembeni, akamgonga mpaka akatema, na vile vitoto vilipotawanyika majini akavimeza kimoja kimoja.

Nabiswa alijipiga paja. "Umemwona huyo mama? Si angetoka tu."

Kweyu akakunja mfuko mtupu wa plastiki.

"Sasa tutafanyaje? Atanimalizia wote."

"Unatoa mawe yote, unayapanga upya. Kila mmoja anapotelewa na kwake, hata huyo mkubwa. Wanaanza upya."

Nabiswa akacheka hadi akakohoa. "Kumbe ni sayansi. Mimi hiyo niliifanya Mukuru bila kusoma. Unachoma asubuhi, wakishakimbia unang'oa vigingi vya ploti unavipanda kwingine. Wakirudi wanapigana wao kwa wao, wewe unakunywa chai." Akafuta macho. "Na tunarudi tena. Ile laini ya nyumba za kando ya mto."

Kweyu aliishi laini hiyo. Norah alikuwa huko saa hiyo, akianika nguo.

"Lini?"

"Wewe ni fundi ama gazeti?"

Kweyu akatumbukiza mkono, akatoa jiwe. Nabiswa alidhani anaanza kupanga upya. Jiwe lilimpata tayani. Akaanguka na tangi, kioo kikapasuka chini yake, maji yakafagia zulia, furu wakarukaruka kati ya viti. Nabiswa akashika kipande cha kioo, akamchana Kweyu mkono toka kiwiko hadi kifundo. Kweyu akampigia goti kifuani, akamkandamiza uso kwenye maji yale mekundu.

"Lini."

"Kesho," Nabiswa akabubujika. "Saa mbili asubuhi."

Angeweza kummaliza. Alitaka kummaliza. Lakini Mukuru ni mbali kwa miguu, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Akafunga mkono kwa kitambaa cha meza, akatoka.

Mlango wa kwanza kuugonga ulikuwa wa Opicho. Hawakuwa wamesalimiana miaka minne.

"Nani amekukata hivyo?"

Kweyu akamweleza yote, amesimama palepale. Ulimi wa Opicho ukacheza kwenye pengo.

"Kumbe vigingi."

"Vigingi, ndugu yangu."

"Na wewe ukanipiga mimi."

"Nilikupiga wewe."

Opicho akaingia ndani kuchukua kamba ya kupimia ploti, kila mtu ajue kigingi chake kabla hakujapambazuka.

Kesho yake saa mbili malori yakaja. Nyumba saba ziliungua. Opicho alivunjwa mkono, wazee wawili walibebwa kwa mkokoteni, na Kweyu alipigwa mpaka akatapika damu. Lakini vijana walipogeukia vigingi walikuta kila kimoja kimekaliwa na mtu. Norah alikuwa kwenye cha kwao, miguu kainyoosha, damu ikimchuruzika kutoka kichwani hadi kwenye kanga.

"Ondoka, mama," kijana mmoja akasema, rungu juu.

"Piga," Norah akamwambia. "Nimekaa kwangu."