Siagi ya Thirza

Tangu malisho ya kijiji yazungushiwe ua wa miiba, Thirza Pocock hakujua tena kukaa kitako. Mjane huyu alikuwa na ng'ombe mmoja, na tumbo la ng'ombe halijui sheria mpya. Kutwa alimswaga kando ya barabara, anyakue majani hapa na kule, roho juu asije akaingiza kichwa shambani kwa mtu.

Shamba lenyewe lilikuwa la Josiah Lugg, aliyelima tanipu, mizizi minene ya kulishia mifugo, palipokuwa malisho na kujigamba kwamba sasa ardhi inafanya kazi. Ndiye pia aliyeshika fungu la maskini la parokia. Thirza alipomwomba unga wa kuvukia baridi, aliambiwa mwenye ng'ombe si maskini: auze kwanza, kisha ahamie nyumba ya maskini, na binti yake Keziah apelekwe mbali kutumika kwa mabwana. Alirudi mikono mitupu. Bila ng'ombe, hana mtoto.

Theluji ilipofunika majani, aliiba. Alfajiri, tanipu chache za kumlisha ng'ombe ndani ya aproni. Nani angejua?

Shambani hakuna aliyejua. Lakini mke wa Lugg alinunua siagi kwa Thirza kila Jumamosi, maana ya kwao, kwa jinsi ng'ombe wao walivyoshindiliwa tanipu, ilikuwa chungu. Jumamosi ile alionja, akaondoka nayo. Thirza naye alipoonja iliyobaki, alikuta uchungu uleule wa tanipu. Mjinga gani humuuzia mwenye shamba ushahidi uliotiwa chumvi?

Alizunguka chumbani mpaka Lugg alipobisha hodi, hana haraka.

"Mama Pocock, siagi yako siku hizi ina ladha ya shamba langu. Jela, au ng'ombe?"

"Na Keziah?"

"Utaratibu unaujua."

Thirza alimfungua ng'ombe. Sauti akaikaza.

"Basi mchukue na mtoto, akutumikie wewe. Huyu ng'ombe ana kisirani, hakubali mkono mwingine ila wa Keziah. Mgeni akimgusa, anapiga ndoo teke."

Lugg alimtazama mtoto, akatazama kiwele cha ng'ombe kilichojaa, akakubali. Kutoka kwa Thirza hadi kwake ni umbali wa kuitana tu.

Ulikuwa uongo mtupu. Ng'ombe yule angekamuliwa na yeyote. Thirza alimvuta binti yake kifuani, akamnong'oneza amfundishe ng'ombe mateke usiku huohuo.