Ngumi Iliyobaki Ghalani

Asubuhi baada ya pambano, Scolastica alikuwa anafagia ghala la mahindi pale Katesh, akiokota vizibo vya soda na maganda ya karanga, alipogonga paji la uso kwenye ngumi ya bondia Hhando. Ilikuwa imebaki hewani, pale pale kamba za ulingo zilipofungwa jana, kwenye kimo cha kidevu cha mumewe. Haikuwa na mkono nyuma yake. Ilikuwa na joto kidogo, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo. Scolastica aliizunguka, akafagia chini yake, kisha akasimama akaiangalia vizuri.

Kilichomkera si ngumi. Kilichomkera ni Sylvester, mumewe, ambaye jana alipigana na huyo Hhando, akaanguka mbele ya mji mzima na kutolewa amebebwa. Leo alikuwa ameamka na kutafuna hindi la kuchoma hadi gunzi likabaki jeupe. Mtu aliyepigwa taya na Hhando hatafuni hindi hivyo.

Nje, kwenye kibanda cha supu, mjadala ulikuwa umeshapamba moto.

"Manyara nzima hakuna mwenye ngumi nzito kama Hhando," alisema Mzee Akonaay, fundi baiskeli, ambaye hakuwahi kukosa pambano. "Wa Babati alianguka. Wa Mbulu alianguka. Jana ulimwona Sylvester."

Qamara, mfugaji aliyeleta ng'ombe mnadani, alitoa mfupa mdomoni. "Mzee, heshima yako iko palepale. Lakini ndama wangu akipigwa teke, alama naiona. Hao wote wanaanguka hawana hata uvimbe. Huyo kijana anasifiwa bure."

Scolastica akatoka na ufagio wake. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ngumi yenyewe iko ndani. Njooni muipime."

Wakaingia na bakuli zao za supu. Mzee Akonaay alivua kofia, akaweka shavu kwenye ngumi, akaegemea. Akaegemea tena kwa nguvu zaidi.

"Ni laini," alikiri. "Lakini imelala hapa usiku kucha. Hata ugali ukilala, hubadilika."

"Ugali ukilala huwa mgumu, mzee," alisema Qamara.

Scolastica hakuwasikiliza. Alikuwa anawaza kwamba ngumi iliyompata mtu huishia mwilini mwa huyo mtu. Hii ilikuwa bado inasubiri. Maana yake aliyetumiwa aliondoka kabla haijafika.

Akamwita mumewe. "Baba Rogathe, hebu njoo usimame hapa."

Sylvester alikuja taratibu, macho chini. Alisimama pale alipokuwa amesimama jana. Ngumi ilipomwona iliyetumwa kwake amerudi, ikamalizia safari yake. Ilisogea, ikamgusa kidevu kama mtu anavyosukuma mlango ambao haukufungwa, kisha ikarudi mahali pake. Sylvester hakuyumba. Qamara alikunywa supu yake.

"Sasa jana uliangushwa na nini?" Scolastica aliuliza.

Sylvester aligeuka akatazama kona ya ghala. Huko, nyuma ya turubai, kulikuwa na kitanda chao, ndoo, na binti yao akivaa sare za shule. Nyumba yao ya Jorodom ilifukiwa siku mlima uliposhusha matope. Tangu hapo waliishi kwenye kona ile kwa ruhusa ya Ezekiel, mwenye ghala, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiandaa mapambano ya Hhando.

"Aliniambia mahindi mapya yanakaribia kuingia," alisema Sylvester. "Akasema nafasi ni ndogo."

Scolastica alifungua mdomo, lakini Ezekiel mwenyewe alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Alimwamkia Mzee Akonaay, akaja hadi kwenye ngumi, akaibonyeza kwa kidole, kisha akakifuta kidole kwenye suruali.

"Magunia myapange kuizunguka," alisema. "Isizuie njia."

Kisha akamgeukia Sylvester. Alisema watu bado wanabishana kuhusu ngumi za Hhando, na watu wakibishana huja kutazama, kwa hiyo yeye na Hhando watarudiana kule Mbulu baada ya mavuno.

"Jana ulifanya vizuri, ila uliwahi. Safari hii subiri ikufikie kwanza."

"Sawa, bosi," alisema Sylvester.

Malori yaliingia mchana. Mzee Akonaay na Qamara walirudi kibandani, mmoja akisema ngumi ya Hhando ni nzito ila inachelewa, mwingine akisema ngumi inayochelewa si ngumi. Sauti zao zilisikika hadi nyuma ya turubai, ambako Scolastica alikuwa anachambua maharage na mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Rogathe," alisema Sylvester, "kule Mbulu niangukie upande gani?"

Scolastica alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Kushoto," alisema. "Bega la kulia ndilo unalobebea magunia."