Uzito wa Gunia Moja

Mumbua alipanda juu ya mizani ya Githaiga mchana kweupe, viatu mkononi, na upande mzima ule wa soko la Kikima ukanyamaza ili usikie. Mizani yenyewe ilikuwa ya kupimia magunia. Githaiga, Mkikuyu aliyeuza nafaka hapo miaka mingi mpaka Kikamba chake kikawashinda vijana wa huko, alisukuma kile chuma kidogo polepole kisha akainua uso.

"Gunia na debe," akatangaza.

Watu wakacheka. Mumbua naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini kule Nairobi, kwenye hospitali kubwa, hakuna aliyecheka. Daktari alimwambia damu yake na ya ndugu yake zinapatana, figo zake zote mbili ni nzima, ila kwa mwili ule hakuna atakayekubali kumpasua. Ashuke mpaka kilo tisini kwanza, ndipo watoe figo moja wampe Mwau. Kilo tisini ni gunia moja la mahindi, na hakuna mtu Mbooni asiyejua gunia. Kama hujalibeba, limekuangukia.

Mwau alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, fundi wa pikipiki aliyekuwa akiinua injini kwa mkono mmoja. Sasa mara mbili kwa wiki alipelekwa Machakos kuoshwa damu, akirudi hawezi hata kufungua kifungo cha shati. Mumbua ndiye aliyemlea mgongoni mama yao akiwa shambani. Hiyo figo, kama ingewezekana, angeikata mwenyewe kwa makasi yake ya kukatia sare za shule. Kumbe kilichotakiwa kwanza ni kuacha mandazi.

Usicheke. Wewe jaribu.

Mtaalamu wa lishe aliyepewa aliitwa Shufaa, binti wa Kiislamu wa Mwingi, mdogo kwa umri lakini hana mchezo. Alikuja mpaka nyumbani kwao, maana Mumbua alikuwa amerudi kwa mamake baada ya ndoa yake kuvunjika, na Shufaa alitaka kumwona mwenye jiko. Mwenye jiko alikuwa mama mtu, Kalunde, ambaye wanawe walimwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyomwita mama. Shufaa akachukua sahani tupu, akaigawanya kwa kidole. Nusu hii mboga. Robo hii ngima, yaani ugali. Robo hii ndengu au maharagwe, au kipande cha nyama isiyo na mafuta. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja, basi. Chai bila sukari. Uji wa asubuhi mwepesi, hautiwi kitu. Chakula cha jioni kiliwe mapema, jua likiwa bado lipo, na baada ya hapo mdomo ufungwe.

Yote hayo aliyasema kwa Kikamba, pole pole, akimtazama yule mama.

"Mwaitu, tumeelewana?"

"Ĩĩ," Kalunde akajibu.

"Akizidisha hata kidogo, siku ya Mwau kupasuliwa inasogea mbele."

"Ĩĩ, mwanangu. Tumeelewa. Kunywa chai."

Basi jiko likawa na sufuria tatu. Ya Mwau haikutiwa chumvi, na viazi vyake vilichemshwa maji yakamwagwa. Ya Mumbua ilikuwa ya majani. Ya Kalunde ilikuwa ya chakula. Jioni ndugu hao wawili walikaa kwenye benchi, kila mmoja akitazama sahani ya mwenzake kwa huruma.

"Wewe unakula kama mbuzi," Mwau akamwambia.

"Na wewe unakula kama mfungwa."

"Harakisha basi, gunia. Mimi nangoja spea."

Mumbua aliharakisha. Kwenye kibanda chake cha kushonea, saa nne ya asubuhi ilipofika na mama wa mandazi akapita na beseni lake, alikuwa akiinamia cherehani na kukanyaga kwa hasira. Kwenye harusi alikula kachumbari. Kwenye mkutano wa akina mama kanisani alisema ameshiba, na akina mama wakatazamana. Haukupita mwezi kabla hajasikia kwamba ana ule ugonjwa, kwamba mume alimwacha nao. Aka! Watu hawa ukinenepa wanakuuliza unakula na nani, ukikonda wanakuuliza unakufa lini. Alipanda kile kilima cha nyumbani kwa miguu badala ya kubebwa na bodaboda, magoti yakilia, na njaa ikamfundisha kulala mapema.

Na uzito ukashuka. Githaiga sasa alikuwa akimngoja kila mwisho wa wiki, chuma cha mizani tayari. Gunia na gorogoro sita. Gunia na gorogoro nne. Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani, na wapagazi wakapiga makofi. Gorogoro ni kile kibati cha kupimia nafaka, kilo mbili tu, kwa hiyo zilibaki kilo nane. Mwau alipoambiwa, alifunga macho akatabasamu muda mrefu.

Halafu ukakwama.

Wiki ikaisha, gunia na gorogoro nne. Nyingine, vile vile. Kisha tano. Githaiga akapangusa mizani yake kwa kitambaa, akapima gunia la kweli ahakikishe haijaharibika. Haikuwa imeharibika. Safari hiyo hakutangaza. Alimwambia Mumbua sikioni, na hilo likamuuma zaidi.

Akapunguza ngima. Akaacha ndengu. Akabaki na ile nusu ya mboga peke yake na uji wa asubuhi, vyote kutoka mikononi mwa mamake, maana yeye alitoka alfajiri na kurudi jioni na hakuwa na nafasi ya kupika. Mungu ambariki mamake, alijisemea, maana yule mama hata majani matupu akiyapika yanakuwa na ladha ya nyama. Alimwambia hivyo. Kalunde akatazama kando, akasema mkono wa mama ni mkono wa mama.

Lakini uso wa Mumbua ulikuwa umekonda. Mashavu yameingia ndani. Na kadiri uso ulivyokonda, ndivyo zile mboga zilivyozidi kuwa tamu.

Shufaa alimwita ofisini akafunga mlango.

"Dada Mumbua, niambie ukweli. Ukiwa peke yako unakula nini?"

"Sili kitu."

"Mwili haudanganyi. Kuna kitu unakula."

Mumbua alilia pale mbele ya msichana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Alilia kwa aibu ya kuitwa mwongo, na zaidi kwa sababu alianza kujishuku mwenyewe, kwamba labda usiku anaamka akiwa usingizini anakula bila kujua. Shufaa akampa kitambaa lakini hakumwamini, na tarehe ya Nairobi ikasogezwa mbele. Mwau akaambiwa. Aligeukia ukutani. Mumbua angeshukuru sana kama angemtukana.

Siku ile mshipi wa cherehani ulipokatika, ilikuwa kama saa tisa alasiri. Mumbua alifunga kibanda akarudi nyumbani mapema. Mwau alikuwa amelala chumbani. Jikoni moshi ulikuwa unatoka, na mamake alikuwa amepiga magoti mbele ya ile sufuria ya majani. Kando yake palikuwa na mkebe ambao Mumbua hajawahi kuuona. Kalunde alichota ndani yake kitu cheupe, kijiko kikubwa kilichojaa, akakitumbukiza kwenye kunde. Akachota tena. Mafuta ya mkia wa kondoo. Harufu ilimfika Mumbua mlangoni, na ndiyo ile ile ladha aliyoisifu.

"Mwaitu. Unafanya nini?"

Yule mama alishtuka, kisha akajikaza. Hakuficha mkebe.

"Nakupikia."

"Umetia tangu lini?"

"Tangu mashavu yako yaanze kuingia."

"Na uji?"

"Uji una njugu na malai ya maziwa kidogo. Ungesimamaje bila hivyo?"

Mumbua alishika mwimo wa mlango. "Mwaitu, unaniua! Unamuua Mwau!"

"Nani anaua?" Kalunde naye akapandisha sauti. "Nilipokuzaa wewe nililishwa mafuta ya kondoo ndiyo nikainuka. Mtu akitoka damu analishwa. Wewe unakwenda kukatwa tumbo, utolewe kiungo, na unataka kwenda ukiwa mifupa? Damu ya kumpa mwenzako utaitoa wapi? Ninyi ni wawili tu. Niwazike wote?"

"Shufaa alikuambia! Alikaa hapa hapa, akakuambia kwa Kikamba! Ukasema ĩĩ!"

"Nilisema ĩĩ kwa heshima. Mgeni akiongea kwako, utamwambia hapana?"

Mumbua akauachia mwimo. Ni kweli. Kwao hakuna mtu anayembishia mgeni. Anaitikiwa, anapewa chai, anasindikizwa mpaka njiani, kisha kila mtu anarudi kufanya alichokuwa akifanya. Yeye mwenyewe amewaitikia hivyo watu wa mbolea, watu wa vyandarua na wahubiri wa kila aina. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na yeye alikuwa amekitafuta kwenye mizani, ofisini kwa Shufaa na katika usingizi wake mwenyewe, na kumbe kilikuwa kinamkaribisha mezani kila jioni.

Alichukua ile sufuria akaimwaga nje, kunde na mafuta yote. Kuku wakaja mbio. Kutoka chumbani Mwau aliita kwa sauti nyembamba, "Kuna nini?"

Tangu siku hiyo Mumbua alijipikia mwenyewe kabla hakujapambazuka, akabeba chakula chake kwenye kibakuli chenye kifuniko. Hakukubali hata maji ya mamake. Shufaa alipoelezwa alishika kichwa, akamwomba msamaha, akapiga simu Nairobi papo hapo. Na mwili, ulipoacha kutiliwa mafuta ya kondoo, ukaanza tena kushuka. Gorogoro tatu. Gorogoro mbili. Githaiga akarudia kutangaza. Nairobi wakatoa tarehe, ya kweli safari hii, na Mwau akanyoa ndevu.

Zilibaki siku chache. Mwau akaamka na homa. Ule mpira waliomtia shingoni wa kuoshea damu ulikuwa umeingia wadudu, na mwili ambao umengoja muda mrefu hauna nguvu ya kupigana. Alipelekwa Machakos akiwa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Mumbua alikaa naye akimshika mkono.

"Umefika?" Mwau akamwuliza.

"Gorogoro moja tu. Ningojee."

"Nimekungoja, dada," akasema, bila hasira yoyote, na hakuamka tena.

Gorogoro moja! Hayo mafuta ya kondoo yalikuwa gorogoro ngapi? Mumbua alipiga hesabu hiyo njia nzima ya kurudi Kikima na kila mara ilitoka jibu lile lile, kwamba mdogo wake angekuwa amepona na kurudi gereji zamani.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani. Githaiga alileta rambirambi yake kwa mkokoteni, gunia moja la mahindi, akalishusha mlangoni pa jikoni. Alipomwona Mumbua amesimama akilitazama alielewa amefanya nini, akavua kofia, akaondoka bila kuaga. Wanawake walikuwa wanapika isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na nyama kwenye masufuria makubwa. Wale wale waliosema ana ugonjwa walimpa pole, wakimwambia ajikaze, amekonda sana jamani.

Kaburi lilipofunikwa na wageni wakaanza kupungua, Kalunde alitoka jikoni na sahani, akaiweka mapajani mwa bintiye. Nusu ilikuwa mboga za kuchemsha. Robo ilikuwa ngima. Robo ilikuwa ndengu. Ilikuwa imegawanywa sawasawa kama vile Shufaa alivyochora kwa kidole, hakuna kilichovuka mpaka. Kumbe yule mama alikuwa amesikia kila neno.

"Kula kidogo," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Sijatia hata tone. Nimepika vile ulivyotaka."

Mumbua aliitazama ile sahani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo tulivyofunzwa, na mbele yake mzazi alikuwa analia kweli, na moyo wa Mumbua haukutingishika hata kidogo. Alitamani utingishike. Yule alikuwa mamake. Lakini palikuwa pamekauka.

Aliinuka, akaenda mpaka kwenye sufuria ya nyama. Akachukua upawa, akachota yale mafuta yaliyoelea juu, akayamimina juu ya mboga. Akachota tena. Akaongeza minofu mpaka ile mipaka ya sahani ikapotea kabisa. Akarudi, akaketi mbele ya mamake, akaanza kula kwa mkono, tonge baada ya tonge, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mumbua," Kalunde akanong'ona. "Mwanangu, wacha. Watu wanaona."

Hakuacha. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, akaipangusa kwa kidole, akalamba kidole. Kisha akainyoosha mbele ya yule mama.

"Niongeze, Mwaitu."