Nywele za Pindoni

Simu ililia Mauricette Lebrec akiwa anamenya viazi vya supu, Jumatatu saa tano asubuhi. Alifuta mikono kwenye aproni akaipokea. Aliyepiga alikuwa Bi Solène Marchandeau, msimamizi wa maonyesho ya mavazi ya marehemu mbunifu Anselme Corvoisier, yaliyofunguliwa wiki mbili nyuma kwenye jumba la makumbusho ng'ambo ya mto Seine.

"Bi Mauricette, samahani kwa usumbufu. Mashela yameota nywele."

"Yote?"

"Yote kumi na saba. Zinatokea pindoni."

"Rangi gani?"

"Nyeupe. Nchani zina wekundu kidogo."

Mauricette alijigusa kisogo. Alikuwa ameacha kupaka hina tangu Pasaka.

"Basi ni zangu," alisema. "Msizikate. Nakuja kesho na kitana."

Alirudi kwenye viazi vyake. Yeyote aliyekulia kwenye vyumba vya mafundi wa Paris anajua mambo haya. Binti anayeshona shela, gauni la harusi la mwenzake, huchomeka unywele wake mmoja ndani ya pindo, ili naye aolewe kabla mwaka haujaisha. Mauricette alichomeka miaka arobaini na mmoja, kila shela lililopita mezani kwake, na mume hakutokea. Huguette, aliyekaa naye meza moja, hakumwacha apumue.

"Shoga, utaota kipara na mume humpati!"

"Shughulika na mshono wako, unakwenda upogo."

Na Bwana Anselme, mwajiri wao, tuseme ukweli, alikuwa mtu wa kupendwa. Alipiga magoti sakafuni pamoja na mafundi, pini zimemjaa mdomoni, akazungumza hivyo hivyo na wote wakamwelewa. Kitu kilichoning'inia mshazari kilimuumiza kama jino bovu. Mauricette alipotimiza miaka ishirini na mitano hajaolewa, ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Katerina, ambapo mabinti wa namna hiyo huvalishwa kofia ya kijani na njano, Bwana Anselme alimshonea kofia yake kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa mbaya sana, maana kushona hasa hakujua. Mauricette anayo mpaka leo, juu ya kabati.

Mwaka uliofuata ndipo ulipozaliwa ule mkono wa gauni uliolitangaza jina la Corvoisier duniani. Mauricette alikuwa na homa. Alikuwa akishona gauni la majaribio, la kitambaa cha marekani, na mkono wa kulia akauweka kushoto, wa kushoto akauweka kulia. Ule ulegevu unaokaa nyuma ya kiwiko ukaja mbele, ukaanguka taratibu kutoka begani. Bwana Anselme aliingia, akalizunguka gauni mara tatu.

"Nani kaweka mikono hii?"

"Mimi, Bwana. Nisamehe, naifumua sasa hivi."

"Ukiigusa nakufukuza."

Bwana Anselme alikuwa analia. Mwezi uliofuata magazeti yaliandika kwamba bwana mkubwa aliuota mkono ule usingizini, naye hakukanusha. Maji yakimwagika hayazoleki. Mauricette alisoma habari ile akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate, ikamuuma, akanunua mkate wake akaenda kazini.

Miaka ilipita. Bwana Anselme alipolala kitandani mara ya mwisho, alimwita aje kumpunguzia mikono ya pajama.

"Mauricette. Ule mkono uliupindua wewe."

"Najua, Bwana."

"Na mimi najua."

Alimshika kidole cha shahada, kile chenye sugu ya sindano, akakishikilia mpaka usingizi ulipomchukua. Hakuna mwingine aliyekuwa chumbani.

Jumanne jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni. Mauricette aliweka kiti kidogo mbele ya shela la kwanza, akaanza kuchana. Nywele zilikuwa zimefika sakafuni, laini, zikimjia mkononi kama zinamjua. Alipofika shela la tano, lenye ule mkono, alisoma kadi yake: *Mkono wa Corvoisier. Ubunifu wa Anselme Corvoisier.* Kitana kikasimama.

"Bi Solène," alisema, na jambo hili alikuwa hajamwomba mtu maishani. "Mkono huu niliuweka mimi. Ningependa jina langu liwepo. Hata kwa maandishi madogo."

Bi Solène aliona haya, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

"Bi Mauricette wangu, mimi nakuamini. Lakini vitabu vya nyumba ya mitindo ya Corvoisier havitaji mafundi, vinataja meza tu. Meza ya kwanza, meza ya pili. Bila karatasi mikono yangu imefungwa."

"Na hizi nywele?"

"Nywele si karatasi, mama."

Walikubaliana aje kila Jumanne. Akawa anakuja, na mkate wake wenye siagi, na kitana. Wageni walizipenda nywele, watoto wakakatazwa kuzivuta, na foleni ikafika mpaka darajani. Jumanne ya nne Bi Solène alimpokea mlangoni kwa furaha.

"Bi Mauricette, Bi Mauricette! Tumekuongezea kadi. Njoo uione!"

Ilikuwa imetundikwa kwa uzi mwembamba kando ya shela la tano. Mauricette alivaa miwani.

*Nywele: za fundi wa meza ya pili. Jina halijulikani.*

Aliisoma mara mbili. Bi Solène alisubiri, anatabasamu, anasugua viganja. Kadi ilikuwa imening'inia mshazari, upande wa kushoto umeshuka kidogo, na marehemu asingelivumilia hilo. Mauricette aliinyoosha kwa ncha ya kidole, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha, kisha akavuta kiti chake akaketi.

"Haya," aliliambia shela, akitoa kitana mkobani. "Leo tunaanza na wewe."